Kochi la Kaloki na Wanawake Watano

Sijui ni nani aliyewaambia wamama wa kanisa kwamba mimi naweza kuandika. Shule niliacha darasa la tatu, mwaka ule ndama wa baba alipokula daftari langu, na tangu hapo kalamu naishika tu siku ya kuandika jina kwa bahasha ya matanga. Sasa wanataka kila mmoja aandike maisha ya jirani yake, ati yakusanywe yawe kitabu, na mimi wakanigawia Ndululu. Ndululu mwenyewe yuko hai, mdomo anao, na hajawahi kukosa nafasi ya kuutumia. Lakini akisimulia yeye atajisifu. Basi nitasema mimi, na nitasema mara moja. Atakayeona haina chumvi atie yake.

Ndululu alizaliwa Kitui, akaolewa Machakos, akazeekea Kawangware. Kibanda chake cha nafaka kiko sokoni: ndengu upande huu, maharagwe upande ule, na katikati gunia la muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ambayo Mkamba akikaa wiki bila kuyaona huanza kuumwa na kichwa. Hupima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na gorogoro lake halijabonyezwa kitako kama la watu fulani ambao leo sitawataja. Mteja akileta maneno juu ya bei, Ndululu humwambia, "Zunguka soko lote, mimi nakungoja." Na kweli huyo mteja huzunguka, akarudi.

Mume wake ni Kaloki, fundi wa viti, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Karakana yake iko kando ya barabara ya kuelekea Gatina. Kaloki alitoka kwa ukoo wa wachongaji, na hiyo ndiyo shida yake. Fundi mwingine akiambiwa tengeneza kochi, atatengeneza kochi. Kaloki akiambiwa tengeneza kochi, atakuuliza unataka limkaribishe mgeni namna gani.

Kochi la habari hii liliagizwa na tajiri mmoja wa Lavington. Tajiri akalipa nusu, kisha akahama nchi bila kuaga. Kaloki hakujali, alilimaliza vilevile. Lilikuwa kochi la watu watatu, mgongo juu kama kiti cha askofu, na chini yake miguu minne ya simba, imechongwa kucha kwa kucha. Akalileta nyumbani. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja cha kupanga kwenye plot, futi kumi kwa kumi, na kochi likishaingia, mtu akitaka kwenda kitandani ilibidi alipande kama mlima. Kaloki akalipanda miaka sita bila kulalamika.

Lilikuwa na kasoro moja tu. Upande wa kushoto palikuwa na msumari uliokuwa ukichungulia nje ya kitambaa. Kaloki aliupigilia, ukatoka. Akaung'oa akaweka mwingine, na huo pia ukatoka. Watu wa nyumba walijua kuukwepa. Wageni walijulishwa na nguo zao.

Sasa nije kwa nyumba. Ndululu alikuwa na hamu ya nyumba yake mwenyewe tangu ujana, na mwaka juzi akaipata: chumba cha kulala, sebule, jiko la ndani, ghorofa ya tatu, pale Riruta Satellite. Ya kulipia benki polepole kwa miaka kumi na tano. Walitoa malipo ya kwanza kwa akiba yote waliyokuwa nayo na shamba dogo la Kaloki likauzwa. Ndululu akapewa ufunguo, akautia kwa uzi mmoja na msalaba, akauvaa shingoni.

Na hapo ndipo kiburi kilipoingia kabla ya mwenye nyumba. Ndululu alikataa kuhamia.

"Siwezi kuingia kwa nyumba ya vigae na debe la kuogea," akasema. "Wale wa ghorofa ya pili wana friji ya milango miwili. Niwapitie ngazini nimebeba jiko la makaa?"

Basi nyumba ikafungwa ingoje friji, ingoje mapazia, ingoje kitanda cha mbao ngumu. Kila Jumapili baada ya ibada Ndululu alikwenda Satellite, akafagia sakafu isiyokanyagwa, akasimama kwenye roshani nusu saa akitazama watu chini, kisha akafunga mlango akarudi Kawangware kulala kwa plot. Miezi kumi na moja ikaenda hivyo.

"Mama Mutinda," Kaloki alimwambia siku moja akiwa juu ya kochi, katikati ya safari ya kwenda kitandani, "tunalipia nyumba mbili na tunalala moja."

"Ya pili haijaiva," Ndululu akamjibu.

Halafu benki ikaandika barua. Riba imepanda, ikasema. Elfu kumi na nane za kila mwezi zikawa ishirini na tatu. Ndululu alisomewa hiyo barua mara tatu na mtu wa duka la simu, kila mara akitumaini itabadilika. Akakopa kwa simu ili alipe benki. Akakopa kwa simu nyingine ili alipe simu ya kwanza. Simu ikawa inalia asubuhi kabla ya jogoo, naye anaifunika na unga. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ndululu alikuwa ameolewa mara tano mwaka ule, na matanga yote yalikuwa kwenye foleni.

Ilipofika miezi mitatu hajalipa, benki ikaandika tena, barua fupi. Alipe kufikia mwisho wa mwezi, la sivyo nyumba irudi.

Tegemeo lake lililobaki lilikuwa kikundi. Walikuwa wanawake watano: Ndululu, Phanice wa saluni, Nereah wa mitumba, Trizah wa chapati, na Sella wa samaki, ambaye alikuwa amehamia Kibera, karibu na stendi ya Olympic, lakini hakuacha kikundi. Walikopa kwa kampuni moja ya mikopo, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Utaratibu wa kampuni ulikuwa huu: kabla ya kupewa pesa, afisa anakuja nyumbani kwako, anaangalia vyombo, anaviandika. Ukishindwa kulipa, vile alivyoandika vinabebwa.

Sasa Phanice, zamu yake ilipofika, alikuwa na nini? Stuli mbili na picha ya Yesu. Akalia mbele ya Ndululu. Ndululu akamwambia, "Nyamaza. Chukua kochi. Litalala kwako siku moja tu."

Likaenda kwa mkokoteni, likavishwa vitambaa vya kijani, vikaning'inia mpaka chini vikafunika miguu ya simba. Afisa akaandika: kochi moja, vitambaa vya kijani. Mkopo ukatoka.

Likaenda kwa Nereah, likavaa manjano. Likaenda kwa Trizah, likavaa maua. Kwa Ndululu mwenyewe lilikuwa linavaa nyekundu. Na Ndululu, nisiseme uongo, alifurahia. Mtaa mzima ulisimama juu ya kochi lake. Akipita sokoni alikuwa akitembea kama mtu aliyekopesha serikali.

Wiki ya ile barua fupi, mambo yakapangwa hivi. Jumanne afisa amkague Sella kule Kibera. Jumatano saa tisa mchana amkague Ndululu, aliyeomba mkopo mwingine wa kuziba ile miezi mitatu ya benki. Mkopo huo usipotoka, nyumba imekwenda. Ndululu akasema kochi liende Kibera Jumatatu, lirudi Jumanne jioni, nafasi ipo tele. Vitambaa vya rangi vilikuwa vimeisha, vimeshaonwa vyote, kwa hivyo akaja kwangu kuazima vyangu. Viko sita, vyeupe, na kila kimoja kina tausi wa uzi wa bluu. Nilivifuma kwa mkono wangu miezi miwili. Nilimpa. Nitarudi kwa hilo.

Afisa aliitwa Oyoo, kijana mwembamba, mstaarabu, mwenye suruali moja nzuri ya bluu ambayo aliivaa siku za ukaguzi. Jumanne akafika kwa Sella. Akakaribishwa. Akakaa kushoto.

Msumari ukamshika.

Alikuwa bado anajivuta polepole, Sella akimwambia "usivute, geuka, geuka," wakati mlango ulipofunguliwa bila hodi, na mama mkwe wa Sella akaingia na kuku kwapani. Filister, mama yake Obonyo, kutoka upande wa Bondo. Hakuwa ametuma habari. Alisema baadaye kwamba mama haombi ruhusa kwa mtoto aliyemzaa. Alisimama, akamtazama kijana aliyekwama, kisha akalitazama kochi, na macho yakamtoka.

"Sella. Hili ni la nani?"

Sasa niambie, wewe ungesema nini? Afisa yuko pale, kalamu mkononi, ameandika nusu ya neno kochi.

"Ni letu, mama," Sella akasema. "Obonyo ndiye alinunua."

Filister akamwacha kuku akatembee. Akanyoosha mikono juu, akaomba sala ndefu kwa Kidholuo ya kumshukuru Mungu kwa mwana aliyemwinua mama yake kutoka kwenye mkeka. Oyoo ikabidi ainamishe kichwa akiwa bado ameshikwa. Amina iliposemwa suruali ikachanika ikaachia, pas. Yule mama akakaa katikati ya kochi, akaweka mkoba upande mmoja na mwavuli upande wa pili.

Hakuinuka tena.

Jumatano asubuhi simu ya Ndululu ikalia, naye akaifunika na unga kama kawaida, mpaka akaona jina la Sella.

"Mama Mutinda, kochi limekaliwa."

"Na nani?"

"Na mama mkwe. Tangu jana. Chai analetewa hapo, na kulala amelala hapo hapo."

"Mwambie ainuke."

"Wewe! Mama wa bwana yangu? Nimwambie inuka kwa kiti cha mwanao? Si afadhali nifunge mizigo nirudi kwetu mwenyewe!"

Ndululu akakata simu, kwa sababu hata Ukambani jambo hilo halifanywi. Alimtafuta Wakoli, mzee wa mkokoteni, na saa nne walikuwa Kibera.

Filister alikuwa pale pale, amekaa kama jaji. Ndululu alisalimu, akakaribishwa kwenye stuli, ndani ya nyumba ambamo kochi lilikuwa lake.

"Mama," akaanza kwa sauti ya asali, "mimi ni bibi ya fundi aliyetengeneza hili kochi. Nimesikia kuna msumari unasumbua. Tumekuja kulichukua tulirekebishe, bure kabisa."

"Msumari uko kushoto. Mimi nimekaa katikati."

"Utahama, mama. Msumari wa namna hiyo huwa unahama."

"Ukija huku tutaonana." Filister akarekebisha mwavuli. "Kwani fundi hana miguu? Aje hapa na nyundo."

"Mashine zake ni nzito."

"Kupigilia msumari kunataka mashine? Huyo ni fundi ama ni daktari?"

Sella alikuwa mlangoni, kanga mdomoni, haijulikani analia au anacheka. Wakawa wanatazamana, wanawake wawili ambao hakuna mtu aliyewahi kuwainua mahali. Jua likapanda. Wakoli alikohoa nje mara mbili kukumbusha kwamba wakati ni pesa. Mwishowe Ndululu akasema kwa uchungu wa kweli, kwa maana mbele yake aliiona nyumba ya Satellite ikifungwa na ufunguo wa mtu mwingine, "Mama, tafadhali. Saa tisa lazima liwe Kawangware."

Filister akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Sawa," akasema. "Lakini mimi sijui nyinyi watu wa Nairobi. Kitu cha mwanangu kikienda Kawangware, na mimi naenda nacho."

"Ni mbali, mama. Utachoka kutembea."

"Nani amesema natembea?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ile watu wa Kibera Drive, na wa Ngong Road kutoka Adams mpaka Dagoretti Corner, waliona mkokoteni, na juu ya mkokoteni kochi lenye vitambaa vya tausi, na juu ya kochi bibi kizee amefungua mwavuli, anapungia watu mkono. Wakoli anavuta mbele, mishipa ya shingo imesimama. Ndululu anasukuma nyuma, uso ameuficha kwa leso.

"Mathe! Niaje! Hiyo gari inaenda wapi?" kijana wa bodaboda akaita.

"Inaenda kwa fundi!" Filister akajibu. "Wewe angalia yako, inatoa moshi!"

"Mama Mutinda," Wakoli akapumua pale mlimani, "ulinieleza mzigo ni kochi. Hii ni kochi na bunge yake."

Walifika saa nane na nusu. Kaloki akasaidia kuliingiza. Filister aliteremka kwa muda uliohitajika kulipitisha mlangoni, kisha akakaa tena. Ndululu akakimbilia vitambaa vyake vyekundu.

"Usiguse," Filister akasema. "Hivi vya tausi ndivyo vinalifaa."

"Mama, ni vichafu, ngoja nibadilishe."

"Nimesema usiguse."

Na ndipo hodi ikapigwa, kwa sababu Oyoo, ole wetu, ni kijana anayefika mapema.

Aliingia na faili yake. Amevaa suruali ya kijivu. Filister akanyanyua uso.

"Kijana wa suruali! Umeshonewa?"

Oyoo alisimama mguu mmoja ndani, mwingine nje. Akaangalia tausi. Akaangalia mwavuli. "Amosi, dani," akamsalimu bibi kwa Kidholuo, polepole, kama mtu anayepima kina cha maji. "Jana si ulikuwa Kibera?"

"Nilikuwa. Na kochi pia. Tumekuja pamoja."

"Afisa," Ndululu akaingilia haraka, "makochi ya siku hizi yanafanana. Huyu mzee wangu huwa anatengeneza mengi ya aina hii, mtu akiona moja anafikiri ni lile lingine."

Angenyamaza hapo, pengine ingepita. Lakini Kaloki, mtu wa maneno machache, alichagua dakika ile kuyatumia yote.

"Mengi? Mimi?" Akapiga magoti akainua kitambaa. "Angalia huu mguu. Hesabu kucha. Hakuna kochi lingine la miguu hii Nairobi, na ukiliona jua ni mwizi amenakili!"

Oyoo akachuchumaa, akaangalia kucha. Kisha akaangalia upande wa kushoto, pale kwenye msumari, na pale palikuwa na uzi wa bluu wa suruali, umekaa vizuri tu, unamngoja mwenyewe. Akauchukua kwa vidole viwili. Akafungua faili.

"Phanice, kochi moja, vitambaa vya kijani," akasoma. "Nereah, kochi moja, manjano. Trizah, kochi moja, ya maua. Mama Mutinda, kochi moja, nyekundu. Sella, kochi moja, tausi." Akafunga. "Mama, mimi nilikuwa nasema ofisini kwamba hiki kikundi kimeendelea. Kila nyumba kochi. Nikapongezwa."

Hakuna aliyecheka wakati ule. Ndululu alikaa kwenye gunia la ndengu. Alishika ule ufunguo wa shingoni kama mtu anayeshika jino linalouma.

"Basi andika," akasema. "Andika kwamba Ndululu ni mwongo. Lakini wale wengine usiwaguse. Kochi ni langu, na kulizungusha ni mimi."

"Huu mkopo siwezi kuupitisha, mama."

"Najua."

"Hata ningeweza, ungelipa na nini? Na kochi?"

Hapo ndipo kila mtu akamkumbuka Filister. Yule mama alikuwa ameelewa yote. Mkono wake ulikuwa unapapasa kitambaa, taratibu.

"Kwa hivyo," akasema, "Obonyo hakununua."

"Hapana, mama," Ndululu akasema. "Nisamehe. Ni langu."

"Hm." Akafikiri. Kila mtu alingoja ainuke kwa hasira. "Haidhuru. Nimeshakaa. Sasa nieleze hayo madeni ni ya nini, kwa sababu nimesukumwa kutoka Kibera kwa ajili yake na sijaambiwa."

Ndululu akaeleza: benki, barua, riba, simu, nyumba ya Satellite.

"Na huko Satellite analala nani?"

"Hakuna mtu."

"Kwa nini?"

"Inangoja friji."

Filister akageuka kwa Kaloki kuona kama ni mzaha. Kaloki akatazama dari.

"Nipelekeni niione," akasema, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akainuka mwenyewe.

Wakaenda wote kwa miguu, Oyoo pia, faili kwapani, kwa maana hakuna aliyemwambia asiende. Filister akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu akisimama kila ghorofa kuikosoa. Ndululu akafungua. Sakafu inang'aa. Yule mama akafungua mfereji, akaufunga. Akaenda roshani, akatazama chini. Akarudi.

"Nyumba nzuri," akasema. "Safi kama sahani ya mgeni. Kule kwa plot mnalipa kodi ngapi?"

"Elfu sita."

"Na benki ilipandisha ngapi?"

"Elfu tano."

Filister akanyoosha vidole sita, akakunja vitano. Kikabaki kimoja. Akakiinua mbele ya uso wa Ndululu, akakiacha hapo.

"Mimi sijasoma," akasema. "Nyinyi mliosoma mniambie hiki kidole ni cha nini."

Oyoo alikohoa. Kaloki alikwenda roshani. Miezi kumi na moja alikuwa amesema jambo lile lile, lakini yeye hakuwa amelisema kwa vidole.

"Si pesa tu, mama," Ndululu akasema, sauti imeshuka. "Watanionaje? Nipite hizi ngazi na debe, na jiko, na magunia yangu? Wale wa chini watasimama mlangoni wanicheke."

"Leo hii," Filister akasema, "si wewe ulinipitisha Ngong Road nzima juu ya mkokoteni, nimekaa kwa kochi, mwavuli juu?"

"Ni mimi."

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Nani alikufa?"

Ndululu alifungua mdomo ajibu. Kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wa ghorofa ya pili wakatoka kweli kuangalia ni nini, na wakamkuta Oyoo ameketi kwenye ngazi anajifuta machozi na lile faili.

Jumamosi wakahama. Debe likapita, jiko likapita, magunia yakapita, na wa ghorofa ya pili wakasimama mlangoni kama alivyotabiri. Mama wa pale akauliza, "Hiyo ni muthokoi? Unauza?" Akanunua gorogoro mbili pale pale ngazini. Kumbe Mkamba mwenzake, wa Mwingi, na ile friji ya milango miwili haijafanya kazi tangu Krismasi, anahifadhi vyombo ndani.

Kilichokataa kupita ni kochi. Walilijaribu likiwa limelala, likiwa limesimama, likiwa kichwa chini. Mlango ulikuwa mfupi kwa kiasi cha kucha za simba. Wakoli akasema wazi kwamba yeye halishushi tena chini, afadhali alale nalo pale ngazini. Watu wote wakamwangalia Kaloki, naye akamwangalia mkewe, msumeno mkononi, uso kama wa Ibrahimu juu ya mlima, isipokuwa kondoo hakuonekana.

"Kata," Ndululu akasema. "Limetembea vya kutosha. Halihitaji miguu."

Akakata yote minne, anapiga kelele kana kwamba ni yake. Kochi likaingia. Na ile miguu Ndululu hakuitupa. Aliifunga kwa gazeti, akawapelekea Phanice, Nereah, Trizah na Sella, mmoja mmoja.

"Si nyinyi mlikopa nalo? Hili ni fungu lenu. Afisa akija, mwonyesheni mlicho nacho."

Phanice huzuia mlango wa saluni kwa mguu wake wa simba. Oyoo alirudi kwa kila nyumba, akaandika upya mashine ya nywele, karai la samaki, mizani, na stuli mbili kama stuli mbili. Mikopo yao ikawa midogo, wakalalamika, wakalipa. Ndululu na Kaloki walikwenda benki wakiwa wamevaa nguo za Pasaka, wakakubaliwa kulipa ile miezi mitatu kidogo kidogo. Simu bado hulia asubuhi. Siku hizi huipokea, akajibu, "Mwisho wa mwezi, kijana, na usinipigie nikikoboa." Jumapili baada ya ibada husimama kwenye roshani kama zamani, ila sasa anakunywa chai, na akiona mtu anayemjua akipita chini humwita kwa jina lake lote mpaka mtaa ugeuke.

Hayo ndiyo maisha ya Ndululu, na nimeyaandika yote, na mkono unaniuma.

Sasa ni zamu yako, wewe uliyesoma bure. Filister alirudi kwao wiki ile ile, na kwenye mkoba wake, pamoja na ndengu alizopewa, viliondoka vitambaa vyangu vya tausi. Ndululu anasema alivichukua mwenyewe. Sella anasema alipewa kama asante. Mimi sikuulizwa. Kwa hivyo, ukiwa unasafiri upande wa Bondo, shuka, uliza kwa Filister mama ya Obonyo, yule aliyepita Ngong Road akiwa amekaa, atajulikana. Usalimu vizuri, unywe chai utakayopewa, halafu umwambie mwenye vitambaa bado yuko hai Kawangware na anavitaka. Viko sita. Usinirudie na vitano.